Mwandika Kuta wa Likasi

Sikuwahi kumwita kwa jina lake, na nadhani nusu ya watu wa Likasi hawakulijua. Tulimwita Papa Peintre, mzee mpaka rangi, ingawa yeye mwenyewe hakulipenda neno hilo. Kupaka, alikuwa akisema, hata tope linapaka. Yeye alikuwa anaandika. Aliandika kwenye milango, kwenye matangi, kwenye ubavu wa malori, na siku moja aliandika kwenye jeneza. Seremala alikuwa amekosea jina la marehemu, na msafara ulikuwa umeshafika nusu ya njia ya makaburini. Papa Peintre aliuomba usimame, akatoa brashi mfukoni, akasahihisha, kisha akawaambia wabebaji wangoje rangi ikauke. Wakangoja. Mjini kwetu watu wanaweza kumkatalia mkubwa yeyote, lakini hawamkatalii mzee mwenye brashi iliyolowa.

Mimi ni mwalimu wa ushonaji. Nafundisha katika nyumba ambayo wote tunaiita Foyer. Ilijengwa enzi ya Wabelgiji ili wake wa wafanyakazi wa migodi wajifunze kushona, kupika na kunyamaza. Mama yangu alijifunza humo yale mawili ya kwanza. Ni nyumba ndefu ya matofali mekundu, yenye baraza na matao manne mbele, na sakafu ya saruji nyekundu inayong'aa ukiisugua kwa nta. Papa Peintre alifika pale kila asubuhi kabla ya wanafunzi wangu, akaketi barazani chini ya tao la pili, akabaki mpaka jua la mchana limfikie miguu. Hakuna aliyemwalika na hakuna aliyemfukuza. Alidai anakuja kulinda jengo. Ukweli ni kwamba alikuwa anaikimbia nyumba yake.

Mkwe wake, mume wa binti yake, alikuwa mnunuzi wa mawe. Likasi ukisema mawe watu wanaelewa shaba na kobalti, hawaelewi kokoto. Mambo yalipomnyookea, mkwe alitaka kumheshimu baba mkwe, na siku hizi kwetu heshima ni vigae. Akaifunika nyumba ya mzee kwa vigae vyeupe, vile vya bafuni, ndani na nje, kuanzia msingi mpaka chini ya bati. Majirani walikuja kupongeza. Mzee aliwashukuru mmoja mmoja, kisha akageuza kiti chake kikatazama barabara, na tangu siku hiyo hakukirudisha.

"Minye siku hizi nakaa mu douche," aliniambia, yaani bafuni. "Niko nangojea tu bafungule maji."

Kutembea naye mjini kulikuwa adhabu. Safari ya dakika kumi mpaka sokoni ilichukua asubuhi nzima, kwa sababu alisoma kila ukuta. Alisimama mbele ya duka la dawa akatikisa kichwa kama daktari. Mbele ya kanisa jipya alipiga magoti, nami nikadhani ameguswa na Roho, kumbe alikuwa anapima kama mstari wa chini umelala sawa. Mfukoni alikuwa na kamba ya chaki, kipima maji kidogo, na brashi tatu alizozifunga kwa kitambaa cha foronya. Miaka ya kazi yake katika kampuni ya migodi, ndiye aliyeandika DANGER DE MORT, hatari ya kifo, kwenye nguzo za umeme unaotoka bwawa la Mwadingusha. Alijisifu kwamba nguzo zake hazikuua mtu. Waliokufa, alisema, walikuwa hawajui kusoma, na hilo ni kosa la mwalimu.

Kuhusu majengo ya zamani alikuwa na imani yake, na haikufanana na ya mtu mwingine. Wapo wanaoyapenda kwa sababu yanawakumbusha mshahara uliokuwa unakuja kila mwezi, na wapo wanaotaka yabomolewe kwa sababu yanawakumbusha kiboko. Yeye hakuwa upande wowote. Aliuliza swali moja tu: ukuta umenyooka? Ukinyooka una haki ya kuishi. Siku moja kijana mmoja aliyesoma chuo alikuja barazani akamshambulia kwa maneno, kwamba wazee wa namna yake wanalinda nyumba za Wazungu. Papa Peintre alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Kisha akampeleka kwenye kona ya baraza, akamwonyesha tofali moja lililo na alama ya vidole vinne, vya mtu aliyelishika likiwa bado bichi.

"Muzungu alishika plan," alisema. "Matofari, nani alibeba?"

Kijana yule aliinama kulitazama. Mimi nilikuwa nimefagia baraza lile tangu utotoni na nilikuwa sijaona vidole vile. Niliona aibu, na nasema wazi kwamba niliona aibu.

Lakini nisimfanye malaika, maana hata yeye angekataa. Alikuwa bahili wa kutisha. Rangi yake aliichanganya na petroli mpaka kopo moja likafanya kazi ya makopo matatu, na ukimwambia inaonekana nyepesi alikwambia macho yako ndiyo mepesi. Kanisani alikuwa shemasi asiyeimba, kwa madai kwamba sauti haina mstari. Alisema hapendi sherehe za wakubwa, ila hakukosa hata moja, na alirudi na chupa ya soda katika kila mfuko wa koti.

Na kwenye ugomvi wa urithi hakuwa na haya. Mgeni akipita Likasi ataona kwenye nyumba nyingi maandishi makubwa: PARCELLE À NE PAS VENDRE, yaani kiwanja hiki hakiuzwi. Ndugu wakigombana kwa ajili ya nyumba ya baba, mmoja anaogopa mwingine asije akaiuza kimyakimya, kwa hiyo anaita mwandishi. Basi mwandishi alikuwa Papa Peintre. Aliandika kwa kaka Jumatatu. Jumatano dada alimwita afute na aandike tena kwa jina lake, naye alifuta na kuandika, kwa herufi zilezile nzuri. Nilimuuliza kama haoni vibaya. Alisema nyumba yenye maneno mawili inalindwa mara mbili.

Ofisi ya mji inayoshughulika na majengo nayo ilimtumia. Kila nyumba iliyojengwa juu ya mtaro, au chini ya waya za umeme, au katikati ya njia, ofisi ilimtuma aichore X kubwa nyekundu na maneno À DÉMOLIR, ibomolewe, pamoja na namba ya faili. Mimi nilipokuwa msichana X hizo zilinitia hofu. Nilipofika umri wa kuolewa nilikuwa nimezizoea. Nyumba zenye X zilizaa vyumba, zikaota mabaraza, zikafunguliwa maduka. Jirani yetu mmoja aliipaka X yake upya kila Noeli ili ilingane na mlango. Nyumba hata moja haikuguswa. Jambo hilo tulilijua wote, kama tunavyojua njia ya kwenda Mulungwishi, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kulifikiria, isipokuwa mtu mmoja.

Sasa nieleze habari ya komiti, kwa sababu bila komiti mambo mengine yasingetokea. Mwaka mmoja wakubwa wa mji waligundua kwamba Likasi ina majengo ya kihistoria. Iliundwa komiti ya kuyahifadhi. Ilikuwa na rais, makamu wawili, makatibu watatu, na washauri wengi kiasi kwamba viti vya darasa langu havikutosha. Waliichagua Foyer iwe jengo la kwanza, nasi tukashangilia, maana bati lilikuwa linavuja juu ya cherehani ya tatu na ya tano. Kikao cha kwanza kilidumu kutwa nzima. Kiliamua jambo moja. Kabla ya yote, komiti lazima iwe na kitenge chake.

Kwetu jambo lisilo na kitenge halipo. Harusi, msiba, uchaguzi, jubilei ya padri, vyote vina kitambaa chake chenye picha. Picha ya Foyer ilipelekwa Lubumbashi ikachapwe. Kitambaa kilirudi kizuri, rangi ya kahawia na njano, na mimi na wanafunzi wangu ndio tuliokishona. Nilikuwa nakata gauni la makamu wa kwanza nilipohesabu matao. Yalikuwa matano. Nikatoka nje nikahesabu ya kwenye nyumba, kwa kidole, kama mtoto. Yalikuwa manne.

Nilimwambia rais wa komiti. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyezoea kukata riboni. Aliangalia kitambaa, akaangalia jengo, akaona kwamba kitambaa kimeshalipiwa. Kikao cha pili kikaitishwa, na hoja ikapita bila mpinzani: Foyer iongezwe tao la tano, ili historia isipingane na kitenge. Kwa kuwa fundi wa matofali hakupatikana kabla ya siku ya sherehe, aliitwa Papa Peintre alichore tao ukutani, mwisho wa baraza, mahali palipokuwa na plasta tupu.

Nilidhani atakataa. Nilimngoja akatae. Yeye alikuja na kamba yake ya chaki, akapima siku mbili, akachora tao lenye kivuli na matofali na giza la ndani, zuri kiasi kwamba siku ya sherehe makamu wa pili, akitoka kwenye jua kali, alilielekea kwa hatua za kujiamini mpaka paji lake la uso likagusa ukuta. Watu walipiga makofi. Riboni ilikatwa. Bati halikuguswa, na lilivuja siku ileile. Jioni nilimkuta mzee akikunja kitambaa cha brashi zake, soda mbili mfukoni, hana furaha.

"Ile ni bongo, mwana," alisema, na bongo kwetu ni uongo. "Bongo ya kunyooka. Njo mubaya zaidi."

Miezi michache baadaye tulisikia kwamba mfanyabiashara fulani anataka kuinunua Foyer, aibomoe, ajenge hoteli ya vioo vya bluu. Sikujua nani anauza. Kwetu mtu hahitaji kumiliki kitu ili akiuze. Nililia mbele ya wanafunzi, na sikuwahi kulia mbele yao. Ile ndiyo nyumba ambamo mama yangu alijifunza kutushonea nguo za shule baada ya mshahara wa baba kukoma, na ndani yake sasa kulikuwa na wanawake ishirini na kitu, wengi wao wajane na mabinti waliozalishwa wakaachwa, ambao hawakuwa na darasa lingine lolote la kwenda. Tungefukuzwa pale, cherehani zingegawanywa, na kila mmoja angerudi kuuza karanga barabarani.

Papa Peintre kesho yake alileta ngazi. Juu ya matao yote manne, kutoka pembe mpaka pembe, aliandika PARCELLE À NE PAS VENDRE, herufi zenye urefu wa mkono wangu, nyeupe, zenye ukingo mweusi. Nimeishi na maandishi yake maisha yangu yote na sijaona kazi nzuri kuliko ile. Watu walitoka mitaa ya Kikula na Panda kuja kuiangalia. Hata mfanyabiashara alikuja, akasimama kando ya gari lake, akasoma, akaondoka, na habari ya hoteli ikafa. Tulimpikia mzee bukari, ugali wetu, na kuku. Alikula akiwa amegeuzia nyumba mgongo, nadhani kwa sababu ya furaha.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lake, na ni kosa ambalo lingeweza kufanyika Likasi tu. Mahali pengine ukiandika kwamba nyumba haiuzwi, watu wanaelewa kwamba haiuzwi. Kwetu watu waliangalia herufi kubwa vile na kujiuliza: mbona wanang'ang'ania hivi? Nyumba inavuja, haina choo cha maana, haina bwana, na bado imeandikwa kwa ukubwa wote huo. Chini yake kuna mawe. Ilianza kama mzaha sokoni. Baada ya wiki mbili ikawa habari, na baada ya mwezi kila mtu alimjua mtu aliyeliona jiwe lenyewe.

Watu wasionijua walianza kunisalimia kwa heshima. Mama mmoja aliomba anifagilie sakafu bure, na aliondoka na takataka amezifunga kwenye kanga. Na mimi, nisiseme uongo, siku moja darasa lilipokuwa tupu nilikwangua udongo kwenye ufa wa kizingiti, nikauweka kwenye kiganja, nikaupeleka kwenye mwanga. Ulikuwa udongo. Nikautazama tena.

Wachimbaji walikuwa wanakuja Jumapili, saa ya ibada, kwa sababu Jumapili asubuhi Likasi nzima iko kanisani na hakuna anayesikia sururu. Waliingilia chooni kwa nyuma. Tuligundua Jumatatu moja, cherehani ya tano ilipoanza kutembea yenyewe kuelekea ukutani. Mwanafunzi aliikanyaga pedali na sakafu ikajibu kwa chini, kama ngoma. Tulipoinua bamba la choo tuliona shimo lenye ngazi za miti, safi kabisa, lililoelekea moja kwa moja chini ya darasa langu.

Nilikwenda kwa rais wa komiti nikiwa na tope mpaka magotini. Alisikitika kweli. Kikao kiliitishwa, na kiliazimia mambo mawili: kibao cha shaba kiwekwe mlangoni, na walinzi wawili waajiriwe. Kibao kiliibwa kabla hakijapigiliwa. Walinzi walifika Jumatatu, watu wazima, wenye adabu. Jumatano niliwakuta shimoni, mmoja akijaza mfuko na mwingine akimshikia tochi. Waliniamkia. Mwenye tochi alinieleza kwamba wameona afadhali wachimbe wao, maana wao angalau wanajali jengo.

Ufa ulitokea kwenye tao la tatu wiki hiyohiyo. Niliuwekea kidole asubuhi, na baada ya siku nne niliweza kuingiza viwili. Niliwatoa wanafunzi nje, tukashona chini ya turubai uani. Mzee alikuja kama kawaida, lakini hakuketi. Alisimama mbele ya ufa na kipima maji chake mkononi, hakukiweka ukutani. Nilimwona anaogopa kukiweka. Kisha akaondoka bila kuaga, na siku tatu hakuonekana.

Siku ya nne alikuja na ngazi, kopo la rangi nyekundu na ndoo ya chokaa. Aliiegemeza ngazi juu ya matao akaanza kufuta herufi zake nyeupe, moja baada ya nyingine, kuanzia E ya mwisho. Hakuniruhusu kumsaidia. Kazi ilimchukua mpaka saa sita. Alipomaliza alihamisha ngazi mpaka mwisho wa baraza, kwenye lile tao la tano la uongo, akafungua kopo jekundu.

"Mwana, unishikilie ngazi."

"Papa, unataka kuandika nini?"

"À DÉMOLIR."

Niliiachia ngazi. Nilimwambia amezeeka, nilimwambia hiyo nyumba ndiyo kitu pekee nilicho nacho, nikamwambia na mengine ambayo shemasi hastahili kuambiwa. Alingoja nimalize, brashi ikidondosha kwenye kiatu chake.

"Miaka yote nilikuwa naandika ma-X ya État," alisema, yaani ya Serikali. "Weye ulishaka ona nyumba moja iliyoanguka?"

Nilifikiri. Nilipita mitaa yote kichwani, kuanzia Kikula mpaka njia ya Buluo. Sikuiona hata moja.

"Na bale bachimbaji?" nilimuuliza.

"Bale balichimba juu ya minye. Niliandika haiuzwe, balisema kuko kintu. Kosa ni yangu. Sasa batasoma hii, batasema hakuna kintu. Kama kulikuwa mawe chini, bakubwa bangebomoa zamani, na hawangeandika."

Niliishika ngazi. Aliichora X kutoka juu mpaka chini ya tao la uongo, kisha maneno, kisha namba ya faili, ambayo ilikuwa tarehe ya ndoa yake. Nilipouliza kwa nini anabana herufi zote mahali pamoja, wakati mbele kuna nafasi tele, alinijibu bila kugeuka kwamba tofali la kweli haliandikwi uongo.

Ilikuwa kama alivyosema, nami niliucheka mji wangu mpaka mbavu zikauma. Jumapili ya kwanza hakuja mtu kuchimba. Jumapili ya pili walinzi walirudisha funguo, wakanipa pole. Sokoni walisema walijua tangu mwanzo kwamba pale hapana kitu. Kisha alikuja mkuu wa ofisi ya majengo mwenyewe na rejista yake kwapani. Hakukumbuka kuitia Foyer alama, lakini mwandiko ulikuwa ule wa siku zote, na kwake mwandiko wa Papa Peintre ndio ulikuwa mwandiko wa Serikali. Aliitafuta namba akaikosa. Nikaona jasho likimtoka. Alichukua kalamu, akaiandika namba ile kwenye rejista palepale barazani, akafunga, akanihakikishia kwamba faili yetu ipo na inafuata mkondo wake. Nilimuuliza mkondo huo unachukua muda gani. Alisema tungojee.

Komiti nayo ilipeleka barua kwa wakubwa. Haikupinga kubomolewa. Iliomba tu siku hiyo ikifika iandaliwe kwa heshima, na ikapendekeza kitenge.

Tulilifukia shimo sisi wanawake wenyewe, kwa mawe ya bure kabisa, na fundi mmoja, mume wa mwanafunzi, aliufunga ufa kwa chuma. Haikuwa ushindi mtupu. Wazazi wengine waliwatoa mabinti zao, maana hawakutaka wajifunzie ndani ya nyumba iliyohukumiwa, na iliwachukua karibu mwaka kurudi. Aliyepoteza zaidi alikuwa mzee. Tangu siku ile hakuketi tena barazani. Akienda sokoni alizunguka kwa njia ya nyuma ili asiipite Foyer. Nilijua kwa nini. Alikuwa amefuta kazi yake nzuri kuliko zote kwa mkono wake, na kilichobaki pale kwa jina lake ni tao lisilokuwepo na amri isiyokuwepo. Niliumia kwa ajili yake, na sikupata namna ya kumwambia.

Mara ya mwisho nilimkuta kitandani, katika chumba chake cha vigae. Binti yake aliniita, akisema baba anauliza habari ya Foyer na hataki kula mpaka ajibiwe. Alikuwa amekonda, na katika weupe ule wote alionekana mweusi zaidi na mdogo zaidi. Hakunisalimia.

"Ile X iko?"

Nilimwambia ipo. Kisha nikamwambia na habari nyingine, kwa sababu nisingeweza kumdanganya mwenye macho yale: mvua za mwaka huu zimeifuta nusu. Mkono mmoja wa X haupo, na neno halisomeki. Sikutaja petroli aliyochanganyia rangi. Alifumba macho, nikajua anaitaja mwenyewe. Na wiki iliyopita, nilisema, nilimkuta mtu nyuma ya choo anapimapima kwa hatua.

Alimwagiza binti yake alete kitambaa cha foronya na kopo la rangi nyekundu. Alinichagulia brashi ya kati, akaniambia niandike maneno yale ukutani, hapo mbele ya kitanda, kwenye vigae, nimwonyeshe. Nilisita. Akasema vigae vinafutika, na kwamba ni mara ya kwanza anaona faida yake. Nikaandika. Nimeshona miaka yote, mkono wangu haukosi mstari, lakini M yangu ilianguka kama mlevi. Alinifutisha. Niliandika tena, nikafuta, nikaandika. Alinifundisha kwamba brashi inashuka, haipandi, na kwamba pumzi inashikwa mpaka herufi iishe. Mara ya sita akasema D yangu si mbaya. Kutoka kwake, hiyo ilikuwa sawa na diploma.

Mkwe aliingia katikati ya somo, simu sikioni, akavikuta vigae vyake vyeupe vimeandikwa À DÉMOLIR kwa wekundu, na X kutoka dari mpaka kitandani. Aliteremsha simu. Aliniuliza kwa adabu amri hiyo imetoka ofisi gani. Mzee alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na binti yake akaja na maji.

Kilipotulia nilichovya kitambaa nikaanza kufuta. Alininyoshea mkono.

"Wacha ile. Usifute."

"Papa, utalala na À DÉMOLIR mbele ya macho?"

Aliisoma yote, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kama alivyosoma kila ukuta wa Likasi.

"Bile byote niliandika vile, biko mpaka leo," alisema. "Wacha na minye nikae."

Nilikiweka kitambaa chini. Nilisafisha brashi kwa petroli, nikaifunga, naye akanionyesha kwa kidole kwamba niende nayo pamoja na kopo. Nje mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Panda, na rangi inataka saa mbili ili ikauke, kwa hiyo niliharakisha kwenda Foyer.